Kompyuta ya baiskeli, ya waya au wayalesi? Nimetumia zote, haya ndo niliyoyaona

Nazungumzia kile kifaa kidogo cha kwenye usukani kinachoonyesha spidi na umbali. Nilianza na ya waya, nikahamia wayalesi ile ya kizamani, baadaye nikachukua wayalesi ya kidijitali, na sasa hivi baiskeli yangu ya kila siku nimeirudishia ya waya. Watu wakiuona ule waya umepanda kwenye foko (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) wananiuliza mbona umerudi kwenye ya zamani, na jibu lenyewe si la sentensi moja ndo maana nimeamua niandike.

Tuanze na kifaa chenyewe kinavyofanya kazi maana wengi wanabishana bila kujua kilichomo ndani. Kwenye spoku ya gurudumu la mbele unafunga kasumaku kadogo, kwenye foko unafunga sensa, na ndani ya sensa kuna swichi ya vibati viwili vyembamba sana vilivyofungiwa kwenye kijibomba cha kioo. Sumaku ikipita karibu vibati vinagusana, ikipita vinaachana, basi, huo ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Kompyuta inahesabu mizunguko, inazidisha kwa mzingo wa tairi (urefu wa kulizunguka mara moja) uliouweka kwenye setingi, inaangalia na muda uliopita, unapata spidi na umbali. Ya waya na wayalesi ya kawaida zote ziko hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia wayalesi inapima kwa usahihi zaidi kisa ni ya kisasa, hapana, tofauti ipo kwenye kile kipande kifupi tu kutoka foko mpaka usukani, habari ya kwamba sumaku imepita inafikaje kule juu.

Kwenye ya waya inafika kwa waya, na hapo ndo kuna raha yake yote. Hakuna kupeana, yaani kutambulisha sensa na kompyuta, hakuna kusubiri sensa iamke, hakuna betri ya pili. Betri ni moja tu kwenye kompyuta, mara nyingi ile ya duara CR2032, na inakaa miaka kwa sababu kazi yake ni kuhesabu na kuonyesha namba tu. Mimi niliwahi kusahau kabisa kama ile kitu ina betri.

Ubaya wa waya upo na siufichi. Kufunga kunahitaji utulivu, unaupandisha kwenye foko kwa upande wa ndani, unauzungusha kwenye kebo ya breki mpaka ufike kwenye usukani, unakaza kwa vile vifungio vya plastiki. Kosa ambalo nimeliona kwa watu wengi ni kuuvuta ukakaza sana pale chini ya usukani, siku ya kwanza unapendeza, ila kila ukikata kona waya unavutwa, unavutwa, siku moja nyuzi za ndani zinakatika huku ganda la nje liko zima na unabaki unajiuliza shida iko wapi. Kabla hujakaza cha mwisho zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, uone waya bado umelegea kidogo. Na kama baiskeli yako unaitoa gurudumu la mbele mara kwa mara, au ni ile ya kukunja, waya utakusumbua. Wangu ulikatika hivyo, nilikuwa napakia baiskeli, gurudumu limetoka, kitu kikanasa pale kwenye foko nikavuta bila kuangalia.

Lakini sasa sikiliza hii maana ndo hoja yangu kubwa. Waya ulipokatika skrini ilisoma 0. Nikapanda nikaendesha, 0. Nilijua hapo hapo kwamba hii imekufa, na niliweza kutafuta tatizo kwa mikono yangu. Unatoa kompyuta kwenye kishikio chake, nyuma kuna vidoa viwili vya chuma, unavigusanisha kwa kipande cha chuma unagusa unaachia unagusa unaachia, namba zikitokea basi kompyuta ni nzima na shida iko kwenye waya au sensa au sumaku imesogea. Nyingine ni vile vidoa vyenyewe, vinashika uchafu wa jasho na mvua, unavifuta kwa kitambaa kikavu au kifutio cha penseli na inarudi. Na ule waya uliokatika niliuunga, ndani kuna nyuzi mbili tu, na kwa kuwa kule chini ni swichi hamna chanya wala hasi, huwezi kukosea. Nikaweka risasi ya kuunganishia, nikafunika na mpira wa kubana, mpaka leo inafanya kazi.

Wayalesi ile ya kizamani, analogi, ndo iliyoninyima amani. Kwa nje iko safi, baiskeli haina waya, unafunga dakika tano. Sensa inarusha kishindo kidogo cha redio kila sumaku ikipita na kompyuta inakidaka, ila nguvu yake ni ndogo, umbali wake ni kama sentimita 60 hadi 70 na bado sensa iwe imeelekea kompyuta vizuri. Kama fremu yako ni kubwa au foko ni ndefu ya springi unaweza kujikuta uko ukingoni kabisa. Na betri ni mbili, moja kwenye kompyuta moja kwenye sensa, hiyo ya kwenye sensa ikianza kuchoka haifi mara moja, hapana, inaanza kuruka mizunguko. Unaendesha sawasawa tu unaona 24, mara 12, mara 0, mara 26. Wewe unadhani ni sumaku imesogea, unasogeza, inakuwa nzuri siku mbili, inaanza tena. Wakati wote huo umbali unaohesabiwa ni pungufu na wewe hujui ni pungufu kiasi gani.

Kuna kinyume chake pia, kuhesabu visivyokuwepo. Nilifunga taa ya mbele kwenye usukani karibu na kompyuta, taa ya LED, nikaiweka ile hali ya kupepesa. Nimesimama, mguu uko chini, kompyuta inasoma kilomita zaidi ya 70 kwa saa! Zile taa zina saketi inayowasha na kuzima umeme kwa kasi sana na inatoa kelele za redio, na kompyuta ya analogi haina namna ya kutofautisha kelele na sensa yake. Rekodi yangu ya spidi ya juu kabisa ikaharibika, na hiyo kwa mtu anayefuatilia maendeleo yake inauma. Hivyo hivyo ukipita karibu na nyaya za umeme mkubwa au reli ya treni za umeme, na hivyo hivyo ukiendesha sambamba na mwenzako mwenye ya aina hiyo hiyo, mizunguko yake inaweza kuingia kwako. Waya ukifa unakwambia umekufa, hii inaendelea kukuonyesha namba na namba si za kweli. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko kukatika waya mara moja kwa miaka. Analogi siwezi kumshauri mtu yeyote anunue, hata akipewa kwa bei nzuri.

Kidijitali ni habari nyingine kabisa, usiichanganye na ile. Hii inatumia masafa ya 2.4 GHz na kila sensa ina namba yake, mnapeana mara moja mwanzoni na baada ya hapo kompyuta inaisikiliza sensa yake tu. Taa haikunisumbua tena, mwenzangu pembeni hakunisumbua. Umbali inaofika ni mita kadhaa kwa hiyo sensa unaweza kuiweka gurudumu la nyuma, na hilo ni muhimu sana kwa wanaofanya mazoezi ndani baiskeli ikiwa kwenye stendi, maana pale gurudumu la mbele halizunguki kabisa. Ya waya kwa nyuma ipo lakini waya unakuwa mrefu unapita kwenye fremu nzima, na ukitaka na ya kuhesabu mizunguko ya pedeli ndo kabisa. Kwa matumizi hayo chukua kidijitali bila kufikiria mara mbili. Siku hizi kuna sensa za spidi zisizotumia hata sumaku, unaifunga kwa mpira katikati ya gurudumu na inajua yenyewe kwamba inazunguka, ya kuhamisha kutoka baiskeli moja kwenda nyingine ni sekunde tu.

Hapo angalia kitu kimoja, kuna ANT+ na kuna Bluetooth, njia mbili za sensa kuwasiliana na kompyuta, sensa nyingi sasa zina zote. ANT+ inatangaza hewani na vifaa vingi vinaweza kuisikiliza kwa pamoja. Bluetooth kwenye sensa nyingi inashikwa na kifaa kimoja au viwili tu kwa wakati, kwa hiyo simu yako ikiwahi kuidaka, kompyuta inatafuta mpaka inachoka na wewe unadhani sensa ni mbovu. Zima Bluetooth ya simu kwanza. Na sensa ikikaa bila kutumika inalala, lazima uzungushe gurudumu ndo iamke.

Kwa wanaosema GPS imemaliza mjadala, sawa, inakuchorea na njia uliyopita, ila namba ya spidi ya papo hapo inayumba chini ya miti minene na kwenye maghorofa marefu, na ndani ya handaki hamna kitu, tena ni ya kuchaji kila baada ya safari chache. Hata wenye GPS wengi wanaongeza sensa ya gurudumu.

Sasa haya yote hayana maana kama mzingo umeweka wa kubahatisha, na hapa naomba mnisikilize zaidi kuliko mengine yote. Tairi la 700x25C (saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi) kwenye majedwali ni milimita 2105, la 700x28C ni 2136. Ukibadilisha tairi ukaacha namba ya zamani, ni karibu asilimia 1.5, yaani kwenye kilomita 100 unakosea kilomita moja na nusu. Mtu anahangaika na waya au wayalesi wakati kosa lake liko kwenye setingi. Jedwali ni la kuanzia, pima mwenyewe, jaza upepo kama unavyojazaga, weka valvu chini kabisa, chora alama sakafuni, panda juu ili tairi libonyee kwa uzito wako, mwenzio akusukume taratibu mizunguko mitatu iliyonyooka, pima kwa futi ya kuvuta, gawanya kwa tatu.

Kwa hiyo ukiwa na baiskeli moja, unaendesha kila siku kwenye mvua na vumbi, unataka spidi na umbali tu, chukua ya waya. Una baiskeli mbili tatu, unatoa magurudumu, unafanya mazoezi ndani au unataka mizunguko ya pedeli, chukua kidijitali.

Na kabla hujatoa betri ya kompyuta yoyote kati ya hizi, andika pembeni jumla ya kilomita zako na ile namba ya mzingo, kwa sababu nyingi za bei ndogo ukishatoa betri kumbukumbu yote inafutika. Baadhi zinakubali uiingize jumla yako upya, kwa hiyo angalia kwenye kijitabu chake kabla hujanunua.