Binti yangu alitolewa kwenye mtihani kwa salio la ada: nilivyoziona shule binafsi na za serikali Dar es Salaam

Sitazungumzia majengo, bwawa la kuogelea wala rangi ya mabasi, kwa sababu hayo yote yamo kwenye vipeperushi tunavyogawiwa kila mwisho wa mwaka. Ninachotaka wazazi wenzangu wakijue ni jinsi mtoto anavyotendewa fedha inapochelewa, maana hapo ndipo nilipoijua shule ambayo kwa miaka nilikuwa nikiisifu kwa ndugu, kwa majirani na kwa wenzangu kazini.

Ilikuwa wiki ya mitihani ya kufunga muhula. Ada ya awamu za mwanzo nilikuwa nimeimaliza, ya awamu ya mwisho nilikuwa nimelipa zaidi ya nusu, na kuhusu kiasi kilichobaki nilikuwa nimeandika barua ya kuomba muda, ambayo mwalimu mkuu aliipokea na kuikubali kwa maandishi. Asubuhi hiyo nikapigiwa simu kwamba nikamchukue mtoto. Nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya uhasibu pamoja na wenzake, begi mgongoni, penseli bado mkononi. Alikuwa amekwisha kujibu ukurasa wa kwanza wa Hisabati pale mhasibu alipoingia darasani na orodha, akasoma majina kwa sauti, akawanyang'anya karatasi na kuwatoa nje huku darasa zima likiwatazama.

Nilimpa mhasibu nakala ya barua. Hakuisoma. Aliniambia, macho yake yakiwa kwenye kompyuta, "Mama, kama umeshindwa, shule za serikali zipo, tena bure." Aliyasema hayo mbele ya binti yangu na mbele ya watoto wa watu wengine. Nilipomwambia kwamba deni ni langu na si la mtoto, alimwita mlinzi. Mwalimu mkuu, yule yule aliyeweka saini, alisimama mlangoni kwake akatutazama, kisha akarudi ndani. Hilo liliniuma kuliko maneno ya mhasibu, kwa sababu lilinionyesha wazi kwamba katika shule ile mwenye kauli ya mwisho juu ya mwanafunzi si mwalimu.

Niliamua kumhamisha, na hapo nikakutana na ukatili wa pili. Uhamisho wa mwanafunzi wa shule ya msingi hupitia PReM, mfumo wa kompyuta wa Baraza la Mitihani unaotunza kumbukumbu za wanafunzi, na shule anakotoka mtoto ndiyo inayoanza kumwachia kwenye mfumo huo. Waliniambia hawamwachii mpaka salio liishe. Nikakopa, nikalipa lote, na bado nikazungushwa kwa majuma kadhaa, leo mtandao uko chini, kesho anayehusika hayupo. Mtoto alifanywa rehani mchana kweupe, na wanaofanya hivyo wanajiita walezi.

Kule shule ya msingi ya serikali niliyomwombea nafasi, huku kwetu Tabata, nilikwenda nikiwa na hofu ya kuambiwa nirudi mambo yakikamilika. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, alimtazama binti yangu akaniambia, "Mama, mtoto aingie darasani leo, makaratasi tutayahangaikia sisi wakubwa." Nilishindwa kujibu. Mwalimu wa darasa alimkalisha karibu na mbele kwa sababu alijua kwamba mtoto aliyezoea kusoma kila somo kwa Kiingereza angehangaika kwanza na Hisabati na Sayansi za Kiswahili, na kwa muda alikuwa akimwita mezani kwake baada ya vipindi ili amweleze upya.

Kuhusu hiyo bure, nieleze nilivyoikuta. Ada hakuna, na kwa Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 mzazi ameachiwa sare, madaftari, chakula na matibabu. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu, kwa hiyo mambo kama uji, mlinzi na kuchapa mitihani ya majaribio huishia kwenye mkutano wa wazazi, tukakubaliana michango. Nimeichangia kwa moyo mweupe. Hakuna mtoto niliyemwona akirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango.

Kwa hasira niliyonayo ningependa kuishia hapo na kuwaambia wote wahamishe watoto wao. Lakini kiwango cha serikali chenyewe ni wanafunzi 45 kwa darasa, na darasa la binti yangu lina zaidi ya 100. Wanabanana watatu, na wakati mwingine wanne, kwenye dawati moja. Hivi karibuni nilifungua daftari lake la Sayansi nikakuta kurasa na kurasa zisizo na alama hata moja ya wino mwekundu, ilhali kule alikotoka kila zoezi lilisahihishwa na masahihisho yakakaguliwa tena. Simlaumu mwalimu, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kusahihisha madaftari yote yale kila siku akabaki na muda wa kufundisha. Isitoshe, akifika kidato cha kwanza atafundishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza alichotoka nacho nakiona kinapungua. Shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza zipo, kama Olympio na Diamond kule Upanga, ila kutoka kwetu ni mbali na wanaozigombea ni wengi.

Ndiyo maana mdogo wake, aliye darasa la pili, bado anasoma shule ile ile binafsi. Baba yao anasema anajua kusoma vizuri, asisumbuliwe, na nikitazama madaftari yake sina la kumjibu. Kisha nakumbuka benchi lile na hasira inanipanda upya, kwa sababu ni mhasibu yule yule na orodha ni ile ile. Nimemwandikia mmiliki wa shule nikitaka anijibu jambo moja: mwalimu mkuu akikubali kwa saini yake kwamba mtoto afanye mtihani, je, mhasibu ana mamlaka ya kumtoa? Sijajibiwa. Muhula ukifunguliwa bila jibu, namhamisha na huyu, darasa lijae lisijae, na Kiingereza nitamfundisha mwenyewe jioni. Mzazi anayetaka kuchukua fomu katika shule ya aina hiyo aulize swali hilo kabla ya kutoa hata shilingi, na amuulize mhasibu mwenyewe, mwalimu mkuu akiwepo.