Kahawa kwenye kibodi: uzoefu wangu na fundi aliyeifungua mashine mbele yangu

Huduma hii naipa nyota nne kati ya tano. Mashine imewaka, lakini hilo peke yake lisingenitosha kuisifu, maana kompyuta mpakato iliyomwagikiwa mara nyingi huwaka ikishakauka. Wengi hapo hudhani mambo yameisha, wakati kutu inaendelea kula ndani polepole, na wiki au miezi baadaye mashine inazima moja kwa moja.

Yangu ilimwagikiwa kahawa ya maziwa yenye sukari, upande wa kulia wa kibodi. Nilishikilia kitufe cha kuwasha mpaka skrini ikazima, nikachomoa chaja na kila kilichochomekwa, nikafuta kwa kitambaa kikavu, kisha nikaipindua kibodi ikatazama chini. Betri yake iko ndani, haitoki bila bisibisi, na jambo hilo lilinipa wasiwasi kuliko kahawa yenyewe. Kuzima mashine hakukati umeme wote. Betri huendelea kulisha sehemu kadhaa za madabodi, yaani bodi kuu inayobeba chipu za mashine, na umeme ukikutana na majimaji, metali huanza kulika hapo hapo.

Ushauri wa mchele niliupata kwa wingi. Naomba tuuache. Mchele hauwezi kuvuta kimiminika kilichojificha chini ya chipu, na hata maji yakikauka, sukari na maziwa vinabaki vimeganda palepale. Mashine ya kukaushia nywele nayo ni hatari: hewa yake huyasukuma majimaji ndani zaidi, na joto likizidi linapinda vitufe. Duka la kwanza nililopita waliniambia wataipuliza hewa ya moto tu kisha waijaribu kuiwasha. Sikuwaachia.

Fundi niliyemwachia aliuliza kabla hajaigusa. "Dada, ni maji matupu au kuna sukari? Umejaribu kuiwasha tena?" Nilipomjibu kwamba sijaiwasha, akasema, "Hapo umetusaidia sana." Akafungua kifuniko cha chini mbele yangu, na kitu cha kwanza alichogusa kilikuwa waya wa betri. Aliuchomoa kabla hajafuta hata tone moja. Pale pale nikaanza kumwamini.

Kisha akaitoa madabodi yote, akaiweka chini ya hadubini, akaniita nitazame. Kile kibandiko kidogo cheupe ambacho watengenezaji huweka ndani ili kionyeshe kama majimaji yamefika kilikuwa kimegeuka chekundu. (Ndicho wanachokitazama ukipeleka mashine kudai dhamana, na dhamana ya kawaida kwa kawaida haigharamii kumwagikiwa.) Pembeni ya tundu la chaja niliona ukoko wa kijani uliochanganyika na weupe kwenye miguu ya vipande vidogo kuliko punje ya mchanga, na kahawa ilikuwa imeganda kuizunguka chipu moja. Kwa nje hakuna dalili yoyote ya hayo ambayo ungeiona.

Alisafisha kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Nilimuuliza kwa nini asitumie ile ya 70 inayopatikana kirahisi, akanieleza kwamba sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji, nayo huchelewa kukauka. Baadaye bodi iliingia kwenye beseni la mawimbi ya sauti, ambalo hutikisa uchafu mpaka ule wa chini ya chipu, mahali brashi haifiki. Kipande kimoja kilichokuwa kimeliwa na kutu akakibadilisha, akapima kwa mita kuhakikisha hakuna shoti, ndipo akarudisha betri.

Kibodi haikupona, na aliniambia mapema badala ya kunipa matumaini. Sukari ikishaingia katikati ya tabaka zake, vitufe hunata au hujibonyeza vyenyewe. Kwenye mashine nyembamba kama yangu kibodi imepigwa ribiti (vipini vya chuma visivyofunguliwa kwa bisibisi) kwenye fremu ya juu, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi ndefu na gharama yake si ndogo. Nilijua bei nzima kabla ya kukubali.

Jambo jingine nililolipenda: mashine ilipowaka mara ya kwanza, hakukimbilia kujaribu kamera wala spika. Alinitaka kwanza ninakili faili zangu kwenye diski ya nje. Baadhi ya mashine za sasa, hasa nyembamba, hifadhi yake imechomelewa kwenye madabodi, hivyo bodi ikifa, faili zinaweza kwenda nayo. Ukimpelekea fundi yeyote mashine iliyomwagikiwa, mwambie wazi kama una nakala au huna, kwa sababu jibu lako hubadilisha kinachofanywa kwanza.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya mawasiliano. Kibodi ilipokuwa inasubiriwa, hakuna aliyenipigia. Kila habari niliifuata mwenyewe. Dhamana waliyonipa pia ni ya kibodi tu, bodi haimo. Kwa bodi iliyokwisha kuguswa na kutu naelewa sababu, ila ningependa iandikwe kwenye risiti badala ya kusemwa kwa mdomo.

Spika ya kushoto bado inakwaruza sauti ikipanda. Fundi ameagiza nyingine, na nitaongeza maelezo ikishafungwa.