Diamond Jubilee ya Cindy Lee: wachambuzi wameisifia, lakini gitaa limesahaulika

Nianze na jinsi albamu ya Diamond Jubilee ilivyopatikana, maana jambo hilo limezungumzwa kuliko muziki wenyewe. Albamu hii ilipotoka mwishoni mwa Machi 2024 haikuwepo Spotify wala Apple Music. Cindy Lee, jina ambalo Patrick Flegel wa Kanada analitumia jukwaani, aliiweka YouTube kama video moja ya saa mbili na dakika kidogo, na kwenye tovuti ya Geocities, huduma ya kutengeneza tovuti, yenye sura ya miaka ya tisini. Hapo tovutini ulipakua mafaili, na ukiwa na uwezo uliombwa utume dola 30 za Kanada. Nyimbo 32, bila kampuni kubwa nyuma yake.

Mafaili yenyewe ni ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, kwa hiyo ni mazito. Kwa sisi tunaonunua bando la siku, ukipakua albamu nzima bila Wi-Fi bando linakata kabla ya kufika katikati. Ile video nayo ina shida yake: wimbo unakugusa, unataka kuurudia, halafu unahangaika kusogeza mshale mbele na nyuma. Tangu Oktoba 2024 albamu ipo Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, nyimbo zimetenganishwa, na kwa anayeanza leo ningemwelekeza huko moja kwa moja. Wenye mashine za santuri nao wana toleo la santuri tatu.

Sasa wachambuzi. Aprili 2024 Pitchfork, jarida la mtandaoni la uchambuzi wa muziki, waliipa 9.1 kati ya 10, alama ya juu kuliko zote walizoipa albamu mpya tangu ile ya mwimbaji Fiona Apple ya 2020. Mwisho wa mwaka wakaiweka namba moja kwenye orodha yao ya albamu bora. Huko kwao Kanada iliingia kwenye orodha fupi ya Polaris, tuzo ya albamu bora ya nchi hiyo. Na kumbuka Pitchfork wenyewe walikuwa wametoka kutikiswa: Januari mwaka huohuo wamiliki wao, Condé Nast, walitangaza kuwaingiza chini ya GQ, jarida lao la wanaume, na watu wakapoteza kazi. Ndiyo maana maandiko mengi niliyoyasoma yalishangilia jinsi albamu ilivyotolewa, msanii aliyezigomea programu za muziki akashinda. Naielewa furaha hiyo, na mimi pia nimefurahi. Ila unasoma aya baada ya aya kuhusu tovuti, ukija kwenye gitaa unakuta sentensi mbili.

Na gitaa ndilo lililonishika. Chukua Baby Blue. Gitaa linakwenda polepole, mwangwi mwingi, halina haraka ya kufika popote. Sauti ni nyembamba, ya juu, na imesukumwa nyuma kama mtu anayeimba chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa nusu. Mara ya kwanza sikushika hata mstari mmoja kamili, lakini kwamba ni wimbo wa mtu aliyeachwa nililijua mapema. Mpigaji wa kawaida angejaza nafasi zote zile kwa vidole. Flegel anaziacha wazi, kisha anagusa nyuzi chache tu pale ambapo sikio limeshaanza kuzidai.

Ufundi huo haukuzuka na albamu hii. Flegel alikuwa kwenye Women, bendi ya Calgary iliyotoa albamu mbili, ya 2008 na ya 2010, ambako magitaa mawili yalipishana na kugongana kwa ukali. Hapa ukali umepungua, ila mkono ni uleule. Vyombo vingi amepiga peke yake, na kwenye baadhi ya nyimbo amesaidiana na Steven Lind.

Kuna wanaolalamikia ubora wa sauti. Mkwaruzo upo, besi imefifia, ngoma zinasikika kwa mbali. Sisi tuliozoea rekodi za Radio Tanzania, ambako bendi nzima iliingia studio ikapiga pamoja mpaka mwisho, hilo halitusumbui. Tofauti ni kwamba pale vifaa ndivyo vilivyokuwepo, hapa msanii ameichagua sauti hiyo, na ameipatia. Usitumie spika ya simu tu. Inaimeza besi yote na kukuachia makelele ya juu. Tafuta hedifoni, hata za bei ya chini.

Pale nisipokubaliana na wachambuzi ni kwenye urefu. Wengi wamesema saa mbili ni sehemu ya uzuri wake, kwamba unapotelea ndani. Mimi napotelea kwa raha mpaka katikati. Baada ya hapo kuna vipande ambavyo ningevikata bila kuumia, vinakuja vimefuatana na hali ileile, mwendo uleule. Halafu inakuja If You Hear Me Crying, naamka tena, na nabaki najiuliza kwa nini wimbo mzuri hivi umefichwa mbali kiasi hicho. Asiye na subira hataufikia kamwe, na hiyo ni hasara yake na ya msanii pia.

9.1 basi? Ningetoa 8.5, na dola 30 ningezilipa tena. Ukitaka kuijaribu kabla ya kulipia, anza na Kingdom Come, ndiyo yenye mlango mpana zaidi: kiitikio kitamu, gitaa linang'aa, na inachangamka. Ikipita bila kukugusa, usipoteze bando kwa hizo 31 zilizobaki. Ikikugusa, nenda Dallas, kisha Baby Blue, halafu tenga jioni moja uisikilize yote kwa mpangilio wake.