LibreOffice Calc na daftari la steji yetu

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akiba cha waendesha boda hapa Busia, upande wa Uganda. Wanachama 64, miezi 12, jumla mwishoni. Hesabu hazinisumbui. Kilichonitoa jasho ni kuchapa.

Mkutano wa Januari nilikwenda na karatasi sita nilizochapishiwa dukani, shilingi 300 kila moja. Majina yalikuwa kwenye mbili za kwanza, pamoja na Januari hadi Aprili. Zilizofuata, tarakimu tupu. Ya tano ilibeba Desemba, jumla, na vijineno nilivyojiandikia pembeni: "huyu anakwepa", "mpigie mkewe". Bila jina hata moja! Kila mtu akataka kujua anayekwepa ni nani. Mzee mmoja akaweka kidole kwenye 840,000: "Madamu, hii ni yangu." Kumbe mstari wa jirani yake.

Ndipo nikahamia Calc, programu ya majedwali ya hesabu iliyo ndani ya LibreOffice. Hailipiwi, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Kilichonifurahisha zaidi ni Print Ranges, ndani ya Format: unataja eneo la kuchapwa, mengine yanabaki kwenye kompyuta. Vijineno vyangu sasa ni siri yangu, na namba za simu za watu pia. Hapohapo, kwenye Edit, unataja mstari wa kurudiwa. Niliandika $1, yaani mstari wa kwanza, na majina ya miezi yakatokea juu ya kila ukurasa.

Ukubwa unaupangia kwingine, Format kisha Page Style, kwenye kichupo cha Sheet. Nilichagua kubana kwa upana na urefu: upana nikaweka ukurasa 1, urefu nikauacha wazi. Majina yanashuka hadi ukurasa wa pili, lakini hakuna mwezi unaokatwa. Karatasi nikailaza. Angalia pia iwe A4, maana yangu ilikuwa imewekwa Letter ya Kimarekani, ambayo ni fupi kwa karibu milimita 18.

Jambo moja lilinichanganya. Mpangilio huo unashikwa na mtindo wa ukurasa, si na jedwali moja. Nilipolaza akiba, na jedwali la faini, lililotumia mtindo uleule, likalala nalo. Sasa akiba ina mtindo wake, nimeuita Mkutano. Ningependa haya yote yakae mlango mmoja, badala ya kuzunguka menyu kama anayetafuta ofisi ya forodha.

Na kama huna printa, usipeleke faili lenyewe kwenye flashi. Dukani wanaweza kulifungua kwa programu nyingine, kurasa zikahama. Toa PDF nyumbani, uikague, ndiyo uende nayo.

Safari hii nililipa shilingi 600. Mzee yule alifuata mstari wake kwa kidole, kutoka jina hadi jumla, akakunja uso: 610,000. Akauliza kama nakala ile anaweza kwenda nayo nyumbani.