Kupima mfanano: umbali au sifa?

Wanaosoma saikolojia ya utambuzi (namna akili inavyofikiri) hawaachi kubishana: mfanano wa vitu viwili upimwe kwa umbali, kama alivyofanya mwanasaikolojia Roger Shepard, au kwa kulinganisha sifa zao, zinazolingana na zinazotofautiana, kama mwenzake Amos Tversky?

Kwa gharama, umbali una nafuu. Watu wanakadiria mfanano wa kila jozi (vitu 20 ni jozi 190, inachosha lakini inawezekana), kisha kompyuta inachora ramani: vinavyofanana vinakaa karibu, visivyofanana mbali. Njia ya Tversky inadai uorodheshe sifa kwanza, na hapo ndipo ugomvi unapoanza: sifa zipi, na nani kasema?

Kwa kuaminika, mambo yanageuka. Kwenye ramani, kwenda na kurudi ni umbali uleule. Mwaka 1977 Tversky alionyesha kuwa watu hawako hivyo: waliona Korea Kaskazini inafanana na China kuliko China inavyofanana na Korea Kaskazini. Tena, Jamaika inafanana na Kuba kwa jiografia, Kuba na Urusi ya wakati ule kwa siasa, lakini Jamaika na Urusi wapi na wapi! Ramani inapata taabu hapo: vitu viwili vikiwa karibu na cha tatu, haviwezi kuwa mbali sana kati yao. Kwa rangi au sauti, hata hivyo, sioni sababu ya kuhangaika na orodha.

Matunzo? Kitu kipya kwenye ramani kinataka makadirio mapya dhidi ya vya zamani. Kwenye orodha unaongeza mstari mmoja tu.

Anayepima rangi aanze na umbali. Anayeuliza watu kuhusu nchi, wanasiasa au bidhaa, aandae orodha, na ajipe muda.