Makumbusho ya Ephrata Cloister na Habari za Sista Marcella

Mgeni anayefika upande wa Lancaster, Pennsylvania, ambako Kiswahili sasa kinasikika mitaani kwa sababu ya ndugu zetu waliotoka Kongo, kwa kawaida hushauriwa kwenda kuwatazama Waamishi, Wakristo wanaoishi maisha ya kale, na magari yao ya farasi. Mimi namshauri aende kilomita ishirini hivi kaskazini-mashariki, hadi mji wa Ephrata, kwenye makumbusho ya Ephrata Cloister, makao ya zamani ya jumuiya ya Wakristo wa Kijerumani walioishi kama watawa chini ya mhubiri Conrad Beissel, na kabla ya kulipa kiingilio awe amekwisha kujua habari za mwanamke mmoja aitwaye Maria Christina Sauer.

Mama huyu alitoka Ujerumani mwaka 1724 pamoja na mumewe, Christopher, na mwana wao wa pekee. Walikaa kwanza Germantown, karibu na Philadelphia, kisha familia ikahamia Lancaster kulima, na huko ndiko alikokutana na mahubiri ya Beissel, mhamiaji mwenzao aliyekuwa mwoka mikate kwa kazi, ambaye alifundisha kwamba anayemtafuta Mungu kwa moyo wote ni afadhali asiwe na mume wala mke. Karibu mwaka 1730 Maria Christina alimwacha mumewe na mtoto wa miaka tisa hivi, akamfuata mhubiri huyo. Akapewa jina la Sista Marcella, na kwa muda akawa naibu wa mama mkuu wa masista wa Ephrata. Mumewe alirudi Germantown, akaanzisha kazi ya uchapaji, na mwaka 1743 akatoa Biblia ya Kijerumani, ambayo ni Biblia ya kwanza kuchapwa Marekani katika lugha ya Ulaya.

Ukiingia na habari hizo kichwani, ziara ya kuongozwa inabadilika kabisa. Inapita katika ukumbi wa ibada uliojengwa mwaka 1741, kisha katika Saron, nyumba ya masista. Milango ni mifupi na myembamba, hata mtu wa kimo cha kawaida analazimika kuinama, na ngazi zinataka uangalifu. Mwenye magoti mabovu na ajue hilo mapema. Katika chumba kimoja nilisimama muda mrefu kuliko wenzangu. Kitanda ni benchi la ubao lisilotimiza shubiri mbili kwa upana, na mto ni kipande cha gogo. Walilala saa tatu usiku, wakaamka saa sita kukesha wakimngoja Kristo mpaka saa nane, ndipo wakarudi kwenye mbao zao hadi saa kumi na moja alfajiri. Chakula kilikuwa mlo mmoja kwa siku, na nyama haikuwa jambo la kawaida. Nilijaribu kufikiri jinsi mama aliyezoea kulala na mtoto ubavuni alivyoupata usingizi juu ya ubao ule.

Watu wa jumuiya hii hawakuwa Wakatoliki, ingawa kanzu zao nyeupe zenye kofia zinaweza kumpotosha mtazamaji. Walibatiza watu wazima kwa kuzamisha, nao walitunza Jumamosi. Msomaji Msabato atafurahi kujua kwamba walifanya hivyo zaidi ya miaka mia moja kabla ya kanisa lake kuundwa rasmi mwaka 1863. Kuhusu uimbaji wao wa sauti nyingi na mwandiko wa kupamba uitwao Fraktur, ambao masista waliufanya kama sehemu ya nidhamu ya kiroho, ningeweza kuandika ukurasa mzima, kwa maana herufi moja kubwa imejazwa maua na mistari myembamba kiasi kwamba unaitilia shaka kalamu iliyoichora. Jumuiya ilifikia wanachama wasiooa wala kuolewa wapatao 80 karibu mwaka 1750, na wa mwisho wao alifariki mwaka 1813.

Jambo lililonigusa zaidi ni historia ya Saron yenyewe. Jengo hili lilipomalizika mwaka 1743 halikukusudiwa masista. Lilijengwa kwa ajili ya mume na mke walioamua kuacha unyumba kwa sababu ya imani, wanaume wakae upande mmoja na wanawake upande wa pili, chini ya paa moja. Mpango huo haukudumu. Watu walirudi mashambani kwao, na mwaka 1745 nyumba ikafanyiwa marekebisho ikakabidhiwa masista. Mimi sioni ajabu ulivyovunjika. Kutengana na mwenzako ukimsikia akikohoa nyuma ya ukuta ni mtihani ambao hata Beissel mwenyewe, ambaye hakuwahi kuoa, hakuwa na haki ya kuwapa wengine.

Mwaka huohuo wa 1745 Sista Marcella naye alikuwa amekwisha kuondoka Ephrata na kurejea kwa mumewe Germantown, ambako aliishi hadi kifo chake mwaka 1752. Mwana aliyemwacha akiwa mtoto wa miaka tisa sasa alikuwa kijana wa miaka 24.