Gemu za visiwa na biashara ya zama za kati: ununue ipi?

Laptopu nyingi tunazonunua hapa Tanga ni mitumba ya maofisini: RAM ya 4GB, haina kadi ya picha ya maana. Nimezipanga gemu hizi nikiwa na mashine ya aina hiyo kichwani.

1. Anno 1404 (2009)
Sioni mpinzani wake. Unaanza na meli, ghala ufukweni na wakulima wanaotaka samaki. Wakipanda daraja na kuwa raia, wanadai viungo, na viungo havioti visiwa vya kaskazini. Hapo ndipo gemu inapokolea. Unatweka tanga kwenda kusini, unajijengea heshima kwa waziri Al Zahir, na akikuruhusu unalima viungo na tende kwenye ardhi kame inayomwagiliwa kwa magurudumu ya maji. Mtu aliyekulia bandari inayotazamana na Pemba hahitaji kuelezwa utamu wake. Safari za meli ukizipanga ovyo, viungo vikakatika, raia wananuna na kodi inashuka. Nguo zao hufumwa kwa katani ya mmea wa hemp, si ya mkonge wetu huu.

Chukua toleo la Gold Edition kwenye duka la mtandaoni la GOG. Ina nyongeza ya Venice (2010), iliyoleta uwezo wa kucheza na wenzako, na ukishaisakinisha haikuombi intaneti. History Edition ya 2020 inang'aa zaidi kwenye skrini kubwa, lakini lazima upitie Ubisoft Connect, programu ya mtandaoni ya kampuni yenye gemu. Kwa mabando haya, hapana. Ile ya kuwekewa na fundi kwa flashi, wewe na virusi vyako.

2. Patrician III
Hapa hujengi kisiwa. Wewe ni mfanyabiashara wa miji ya Hansa, mtandao wa biashara wa Ulaya ya kaskazini wa zama za kati, kama Lübeck na Novgorod. Nunua bia inakofurika, uza inakoadimika, hadi uwe meya. Picha zake zimezeeka, ila laptopu iliyochoka kabisa inaibeba. Anayependa kupiga hesabu za faida kuliko kujenga aifanye ya kwanza.

3. Unknown Horizons
Ya bure, imeiga Anno waziwazi. Haijakamilika, lakini inatosha kujua kama mchezo huu unakufaa kabla hujatoa hela.

Anno 1800 niiache nje. Ni nzuri, ila ni ya zama za viwanda, na inataka RAM ya 8GB kwa uchache pamoja na kadi ya picha ya kweli. Muuzaji akikuambia mtumba wako utaiweza, mwambie aiwashe hapo hapo dukani.